Somo: Kichunguze kifungashio kabla hujanunua katoni zima

Somo hili ni la wauza chakula wenzangu. Ukifika soko la Darajani, mjini Zanzibar, kununua mabakuli ya jumla, utaambiwa "haya salama". Salama kwa chakula gani? Anzia hapo.

Hatua ya 1: kipindue. Tafuta pembetatu yenye namba. 1 ni PET ya chupa za maji, 5 ni polipropilini, 6 ni polistirini, ile inayofanywa maboksi meupe ya povu. Namba inataja aina ya plastiki tu. Kufaa kwa chakula huoneshwa na alama ya glasi na uma. Kisicho na alama yoyote mimi hukirudisha rafuni, hata kikiwa cha bei ya kutupwa.

Hatua ya 2: kilinganishe na chakula chako. Moto, mafuta, ukali wa ndimu na muda ndivyo vinavyotoa kemikali kwenye plastiki na kuzitia chakulani. Sasa utazame urojo wetu: wa moto, una ndimu, bajia zimetoka kwenye mafuta, na mteja anaufunga mfukoni mpaka nyumbani. Polistirini hulegea karibu na nyuzi 100. Stirini, inayotengenezea polistirini, iliwekwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2018 kundi la 2A, la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Kundi halisemi ni kiasi gani kinadhuru, lakini polipropilini, inayoyeyuka karibu nyuzi 160, ipo sokoni. Ya nini kubahatisha?

Hatua ya 3: omba ripoti ya maabara. Kemikali moja ina majina mengi, basi itafute kwa namba ya CAS, namba ya utambulisho ambayo kila kemikali inayo yake. Kwa mfano BPA, kemikali ya kutengenezea baadhi ya plastiki ngumu, ni 80-05-7. Kisha tazama walipimia kimiminika gani badala ya chakula chenyewe. Kwa Ulaya, asidi ya siki ya 3% husimama badala ya vyakula vyenye ukali kama wa ndimu, mafuta ya mboga badala ya vyakula vya mafuta. Ripoti ya maji ya baridi haimfai muuza chipsi.

Hatua ya 4: uliza kitaishia wapi. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, kwa hiyo wauzaji wanapenda neno "inayooza". Ya okso, yaani plastiki iliyotiwa dawa ya kuifanya ivunjike, haiozi, inakatika vipande vidogo. Ulaya iliizuia 2021. Yenye alama ya EN 13432, kiwango cha Ulaya cha vifungashio vya kuoza, hupimwa kwenye mboji ya kiwandani yenye joto la karibu nyuzi 58. Bahari ya Nungwi haina joto hilo.

Maswali

Mwalimu, gazeti kwa mandazi je?
La, dada. Mafuta ya wino hupenya, na mandazi ya moto yanazidisha. Tumia karatasi nyeupe isiyochapwa. Ile isiyopitisha mafuta, uliza kwanza kama ina PFAS, kemikali za kuzuia mafuta na maji ambazo hazivunjiki upesi.

Niko Wete, nauza halua kwenye vijikapu vya ukili vya rangi. Kuna neno?
Ukili mtupu hauna neno, kaka. Wa rangi, usugue kwa kitambaa cheupe chenye mafuta. Rangi ikitoka, usiutumie. Isipotoka, bado muulize msusi ametia rangi gani, maana ya mikeka si ya chakula.