Kabla fundi hajafika usawa wa madirisha

Unajenga Dar, Tanga au Mombasa? Nenda kiwanjani alasiri, shika kanga kwa ncha mbili, uone inapeperukia wapi. Pwani yetu kusi, upepo utokao kusini-mashariki, huvuma takriban Aprili hadi Oktoba; kaskazi, utokao kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi. Kwa hiyo madirisha makubwa yape kuta zinazotazama kusini-mashariki na kaskazini-mashariki. Magharibi punguza, jua la alasiri ni kali.

Dirisha moja halitoshi, hata liwe pana vipi. Upepo hauingii chumbani kama hauna pa kutokea. Weka la pili ukuta wa mkabala, au walau wa pembeni, lisiwe dogo kuliko la kuingizia. Chumbani, la kuingizia lishushe karibu na usawa wa kitanda ili upepo ukupite mwilini na kukausha jasho. Ukipita juu karibu na dari, wewe huupati. Chumba chenye ukuta mmoja tu wa nje, acha matundu juu ya mlango.

Na tafadhali, fikiria mara mbili madirisha ya aluminiamu ya kuteleza. Unalipia dirisha zima, linafunguka nusu, kisha wavu wa mbu unapunguza tena. La bawaba hufunguka lote.