Kanji 生: namna ya kuielewa bila kukariri orodha ya matamshi

Binamu yangu anajiandaa na mtihani wa Kijapani wa N5, ngazi ya chini kabisa. Juzi alinitumia picha ya daftari lake: juu herufi moja, chini yake matamshi 12 yamejipanga kama majina ya mahudhurio. Herufi yenyewe ni 生, moja ya kanji, yaani herufi za Kijapani zilizotoka China. Nikamwambia orodha hiyo aiache, tukaanza upya hivi. Nachukulia kwamba hiragana, zile herufi za silabi, unazisoma tayari.

Hatua ya 1: Iandike

Ina mistari 5. Anza na ule mfupi unaoteremka kushoto, kisha mlalo wa juu, kisha wima, mlalo wa kati, na mwisho mlalo wa chini, ambao ni mrefu kuliko yote. Tumia kalamu na daftari la hesabu lenye miraba. Programu za kuchora kwa kidole kwenye simu mimi sizipendi. Mkono haushiki kitu.

Hatua ya 2: Maana

Asili yake ni mchoro wa mche unaochipua ardhini. Humo ndimo zilimotoka maana zote: kuota, kuzaa, kuzaliwa, kuishi, na pia kitu ambacho hakijapikwa, yaani kibichi. Inatosha.

Hatua ya 3: Shika maneno

Usikariri "sei, shō, nama, ki..." Hakuna Mjapani anayeongea hivyo. Shika maneno mazima, na matamshi yatakuja yenyewe:

- 先生 (sensei): mwalimu
- 学生 (gakusei): mwanafunzi, hasa wa chuo
- 人生 (jinsei): maisha ya mtu
- 誕生日 (tanjōbi): siku ya kuzaliwa
- 生きる (ikiru): kuishi
- 生まれる (umareru): kuzaliwa
- 生卵 (namatamago): yai bichi

Sensei huitwa pia daktari, wakili na hata mbunge, ila mtu hajiiti sensei mwenyewe. Ukiulizwa kazi yako na wewe ni mwalimu, sema kyōshi. Na kwa sisi waongeaji wa Kiswahili: nama haihusiani na nyama. Nyama kwao ni niku. Ukiingia baa ya Japani ukasema tu "nama", utaletewa bia, ile ambayo haijapitishwa kwenye moto.

Hatua ya 4: Tazama kinachoifuata

Hapa ndipo watu wanapopotezea jioni nzima, kwa hiyo twende taratibu.

Vile vijihiragana vinavyoning'inia nyuma ya kanji vinaitwa okurigana. Wanaoanza huviona kama mkia wa kitenzi tu, kumbe ndivyo vinavyokuambia kanji isomwe vipi:

- 生きる = i-kiru, kuishi
- 生かす = i-kasu, kutumia vizuri kitu ulicho nacho, mfano uzoefu
- 生ける = i-keru, kupanga maua (ndiyo ile ikebana)
- 生まれる = u-mareru, kuzaliwa
- 生む = u-mu, kuzaa
- 生える = ha-eru, kuota: jino, nywele, nyasi
- 生やす = ha-yasu, kuotesha; ndevu ukizi-hayasu, umezifuga

Zitazame kwa jozi kama tunavyofanya na zaa na zaliwa, ota na otesha. Hapo orodha inapungua nusu.

Tahadhari ya kwanza: kitenzi kikinyambuliwa, mkia unabadilika. 生きた ni ikita, 生えた ni haeta, 生んだ ni unda. Kwa hiyo angalia hiragana ya kwanza baada ya kanji. き ni i-, え au や ni ha-, ま, み, む au ん ni u-. Ukiona い, kama 生い立ち (oitachi, makuzi ya mtu), ni o-. け na か nazo ni i-, ila maana zinatofautiana, basi soma sentensi nzima.

Tahadhari ya pili: umu huandikwa pia 産む. Mama akijifungua, 産む ndiyo inayopendelewa. Kuzaa kwa mfano, kama kuzaa faida au rekodi mpya, tumia 生む.

Kama hakuna hiragana na jirani yake ni kanji nyingine, jaribu sei kwanza. Shō iliingia Japani mapema zaidi kutoka China, ndiyo maana imejaa kwenye maneno ya Kibudha. Utaikuta pia kwenye 一生 (isshō, maisha yote). Sei ilikuja baadaye, enzi za nasaba ya Tang ya China, ikashika maneno mengi ya kisomi. Kwenye tanjōbi hiyo jō ni shō ileile imelainika. Vuta hizo o. Ō siyo o.

Halafu kuna 生物. Ikisomwa seibutsu ni viumbe hai, au somo la biolojia. Ikisomwa namamono ni chakula kibichi kinachoharibika upesi. Maandishi yaleyale! Wajapani wenyewe wanalijua tatizo hilo, ndiyo maana kwenye vifurushi vya vyakula mara nyingi wanaandika 生もの au ナマモノ. Kwa hiyo ukiikuta kwenye kitabu cha shule, soma seibutsu. Kwenye boksi la samaki, namamono.

Hatua ya 5: Yasiyofuata sheria

芝生 ni shibafu, bustani ya nyasi. 生地 ni kiji, kitambaa au donge la unga. Shika hivyohivyo.

Majina ya watu usibahatishe. 羽生 ni mfano mzuri: mcheza sketi Yuzuru aliyechukua dhahabu ya Olimpiki 2014 na 2018 anaitwa Hanyū, na bingwa wa shogi (mchezo wa Kijapani unaofanana na sataranji) Yoshiharu, aliyeshika mataji yote 7 mwaka 1996, anaitwa Habu. Kanji ni zilezile. Muulize mwenye jina, hawaoni vibaya.

Hatua ya 6: Kadi

Mimi natumia AnkiDroid, programu ya simu ya kadi za kujikumbusha, ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Mbele weka sentensi fupi yenye neno, nyuma namna ya kulisoma na maana. Kadi yenye 生 peke yake ifute. Za kupakua zilizotengenezwa na wengine sizishauri. Sentensi uliyoitafuta mwenyewe kwenye Jisho, kamusi ya mtandaoni, unaikumbuka. Na kwenye simu ongeza Kijapani kwenye orodha ya lugha, la sivyo baadhi ya kanji, kama 直, zinaweza kujitokeza kwa umbo la Kichina.

Ukiimaliza hii nenda 下. Kwenye jedwali rasmi la kanji nayo ina matamshi 12, na okurigana zake zinafanya kazi ileile.