Marathoni ya mjini kwenye fukuto: namna ya kufika mwisho na akili zako timamu

Nianze na kitu ambacho wenzangu wa kikundi cha mazoezi hawakuniamini mpaka kiliwakuta wenyewe, hapa kwetu jasho linalodondoka halikusaidii kitu. Jasho linapoza mwili pale linapokauka kwenye ngozi, likigeuka mvuke ndo linaondoka na joto lako. Sasa hewa ya Unguja, na ya Dar vilevile, imeshajaa maji tayari, jasho likitoka halina pa kwenda, linateremka tu mgongoni mpaka kwenye soksi, maji yamekutoka na joto umebaki nalo. Na mtu akikimbia karibu robo tatu ya nguvu anayoitumia inageuka joto, yaani umebeba seredani tumboni na kila ukiongeza spidi unaipepea. Ndo maana jamaa wa Moshi anaweza kukwambia spidi fulani nyepesi, na kwake kweli nyepesi, ukiifata wewe Mnazi Mmoja saa 2 asubuhi inakulaza chini.

Kwa hiyo kama unajiandaa na marathoni ya mjini, iwe ya hapa hapa Unguja au unavuka kwenda Dar, kitu cha kwanza ni kukubali kuwa muda wako wa baridi hauna kazi siku hiyo. Mie wakati wa kipupwe, mwezi wa saba hivi, nakimbia kwa spidi yangu ya kawaida, lakini likija joto la kaskazi naongeza sekunde 20 hadi 30 kila kilomita tangu ile ya kwanza kabisa. Tangu ya kwanza, sikiliza vizuri, sio unasubiri uchoke ndo upunguze, maana joto ukishalijaza mwilini halitoki tena huku bado unakimbia.

Mazoezi sasa. Sie tunaanzia Maisara baada ya sala ya alfajiri, tunapita Mnazi Mmoja, Shangani, Forodhani, Malindi, tunarudi kwa Darajani, na raha yake mashaallah, bahari shwari, upepo, barabara tupu. Tatizo marathoni haiishi alfajiri. Kilomita 42 na mita 195, mtu wa kawaida anatumia saa nne, tano, kwa hiyo hata mkianza saa 12 kamili kilomita ya 30 utaikuta jua lishapanda, na mwili ambao haujawahi kukimbia saa 3 asubuhi utashtuka. Wiki mbili tatu kabla, chagua siku mbili kwa wiki ukimbie taratibu na jua, saa nzima au saa na nusu, sio zaidi. Mwili unahitaji kama siku 10 mpaka 14 kuzoea joto, unaanza kutoa jasho mapema na moyo unatulia. Na usijidanganye kwamba wewe mzaliwa wa huku basi ushazoea, kama mchana kutwa uko ofisini chini ya kiyoyozi na usiku umewasha feni, mwili wako haujui joto la barabarani.

Halafu pima jasho lako, hii kazi ya siku moja tu na watu hawaifanyi! Jipime kwenye mizani bila nguo, kimbia saa nzima, jifute, jipime tena. Ukianza na kilo 68 ukarudi na 66.8, na njiani ulikunywa nusu lita, basi umepoteza lita 1.7 kwa saa moja, maana kilo moja ni kama lita moja. Sio kwamba uzirudishe zote, tumbo halibebi huku unakimbia, wengi wetu tunaweza kama nusu lita mpaka robo tatu ya lita kwa saa. Lakini ushajua unachodaiwa. Na upande wa pili kuna hatari ambayo watu hawaisemi, kunywa maji matupu kupita kiasi mpaka chumvi ya damu ikashuka, unavimba vidole, kichwa kinagonga, unatapika, na mwenzio akikuona hivyo anakwambia kunywa maji zaidi. Ukimaliza mbio una uzito mkubwa kuliko ulioanza nao, ujue ulikosea.

Madafu je? Nayapenda, ila ukweli ni kwamba dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linakutoa sodiamu zaidi, ile chumvi nyeupe unayoiona kwenye kofia. Basi dafu tia chumvi kidogo, au nunua zile pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, duka la dawa, moja unaikoroga kwenye lita ya maji. Ukikosa kabisa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kiwe cha kupangusa sio cha mlima. Jaribu kwenye mazoezi kwanza. Tende nazo nzuri, mie nazitoa kokwa natia kwenye kimfuko, moja kila nusu saa. Usiku wa kuamkia mbio kula wali wako mapema na samaki, na tafadhali Forodhani siku hiyo usiende, pweza na urojo vitakusubiri mpaka kesho yake. Asubuhi boflo na asali na chai ya rangi inatosha.

Sasa umati, na hapa ndo penye maneno yangu makubwa. Watu wanalalamika mwanzo wa mbio za mjini kwamba tumebanana, huwezi kupita, kilomita ya kwanza umetembea. Mie nasema ule msongamano ni dawa. Kwenye fukuto kosa linalowaua watu nguvu ni kuondoka kama mshale, na umati ndo kitu pekee kinachokuzuia hata kama kichwa chako hakitaki. Kaa nyuma kuliko unavyodhani unastahili, kama namba yako ya kifuani ina chipu, muda wako halisi unaanza ukivuka mstari wewe, kwa hiyo huna hasara. Usiwe unakatiza huku na huku kupita watu, kila ukizunguka mtu unajiongezea mita na kila ukichomoka ghafla moyo unaruka, mwisho wa siku umekimbia kilomita 43 na umechoka kwa kazi ambayo haikuwemo.

Umati una ubaya wake mmoja, unazuia upepo. Katikati ya kundi hewa imesimama na kila mwili pembeni yako unatoa joto, ni kama daladala iliyofunga vioo. Kwa hiyo spidi ya kundi ichukue, lakini kaa ukingoni, na kama njia inapita pwani kaa upande wa bahari. Ukiwa Dar ukapanda Daraja la Tanzanite, pale pana upepo lakini kivuli hakuna hata cha nzi, na lami inakurudishia joto kutoka chini, ukiweza lipite mapema na ukilikuta saa 3 punguza.

Unadhani haya ya kwangu tu? Angalia Alphonce Simbu wetu, dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025, kwenye joto na unyevu mkali, 2:09:48. Alikaa na kundi, akasubiri, na mwishoni kabisa ndani ya uwanja ndo akampita yule Mjerumani Amanal Petros, tofauti sekunde 0.03. Bingwa wa dunia kajificha ndani ya watu, mie na wewe tunakimbilia wapi kilomita ya 3? Na joto halichagui, Doha 2019 mbio za wanawake ziliwekwa usiku wa manane kukwepa jua na bado kati ya 68 walioanza 28 hawakumaliza. Chicago 2007 wenye mbio walizisimamisha katikati, ilikuwa kama nyuzi 31 tu, nyuzi ambazo sie kaskazi tunaziona ni mchana wa kawaida.

Vituo vya maji ndo penye ajali. Wote wanavamia meza ya mwanzo, wewe jisogeze upande wa meza mapema, inua mkono aliye nyuma akuone, pita meza za mwanzo nenda za mwisho, kule pana nafasi. Chukua, toka pembeni, tembea hatua kumi ukinywa. Angalia chini, chupa na vifuniko vinateleza na nshaona mtu kavunjika mkono hivyo. Maji ya kunywa ni ya kunywa na mengine mimina kichwani na shingoni, ila inama mbele yasikuingie kwenye raba, raba ikilowa malengelenge hayo. Barafu ikipatikana tia ndani ya kofia. Na usitegemee vituo peke yake, nlikimbia mbio moja mjini maji yakaisha kituo cha kilomita 30, wahudumu wamesimama na meza tupu wanatuomba msamaha, tangu siku ile nabeba chupa ndogo yangu na pakiti mbili za ORS, na noti ya elfu tano iliyofungwa kwenye plastiki ndani ya soksi.

Nguo, haraka haraka. Fulana ya pamba iache nyumbani, ikilowa inakuwa blanketi. Dada zangu mnaokimbia na hijabu na mikono mirefu, kitambaa chepesi cha rangi nyeupe au ya maji ya bahari, kisichogandana na mwili, na hijabu iwe ya kitambaa kimoja sio mbili juu ya mbili, na mnaweza kuilowesha maji kila kituo, inasaidia kweli. Vaselini mapajani, kwapani, na wanaume plasta kwenye chuchu, msione haya.

Dawa za maumivu kabla ya mbio acheni. Diklofenaki, ibuprofeni, hivi vidonge na mwili uliokauka maji vinaumiza figo, na watu wanavimeza kama karanga.

Sasa hili nalisema kwa uzito. Mwaka mmoja, kilomita ya 34, nlikuwa na ndugu yetu mmoja wa Pemba, mkimbiaji mzuri kunishinda. Akaanza kwenda upande, nkadhani kachoka. Nkamwambia ami vipi, akanitazama macho hayanioni, akaniuliza gari ya Chake, kule kwao Pemba, inapita saa ngapi hapa. Na jasho linamtoka tele. Watu wanafikiri joto likimpanda mtu lazima jasho likauke, sio kweli kwa mtu anayekimbia, linaweza kuwa bado linamwagika. Angalia maneno yake, angalia miguu, mtu akipayuka, akiwa mkali bila sababu, akiyumba, simamisha palepale. Tulimlaza kivulini, tukamvua fulana, kijana mmoja muuza maji ya miwa akaleta barafu yake yote ya siku ile kwenye ndoo, wallahi bila kuuliza bei, tukamwekea shingoni, kwapani, kwenye mapaja, maji juu yake na kanga mbili za wamama waliokuja kutazama tukawa tunampepea. Dakika kama kumi na tano akaniita jina langu. Kumpoza kwanza, hospitali baadae, yaani unaita gari huku unamwagia maji, husubiri gari ndo uanze. Na usimnyweshe mtu ambaye hajielewi, atapaliwa.

Nafsi yako pia, ukihisi baridi, vinyweleo vimesimama na jua lote lile, tembea. Ukitembea kilomita mbili na vinyweleo havijalala, toka, medali ipo mwakani inshaallah.

Ukivuka mstari usikae chini papo hapo, tembea dakika tano kumi, kunywa ORS kidogo kidogo, kula kitu chenye chumvi, halafu ndo ulale miguu juu ya ukuta. Kama umekuja Dar kwa boti usipange kurudi na ya mchana ule ule, tumbo limeshakorogeka na mawimbi ya njiani hayana huruma, na siku ya kwenda vuka siku mbili kabla sio jioni yake. Usiku angalia mkojo, ukiwa njano iliyoiva endelea kunywa, ukiwa rangi ya kahawa au hujapata kabisa mpaka muda wa kulala, amsha mtu akupeleke hospitali usiku ule ule.