SOMO: Kuifundisha kompyuta ishara zako mwenyewe za mkono

Unahitaji kompyuta yenye kamera ya fremu (picha) 30 kwa sekunde, Python (lugha ya programu), OpenCV (maktaba ya kusoma picha za kamera) na MediaPipe (maktaba inayotambua mkono kwenye picha). Mtumiaji ndiye achague ishara: asiyeweza kunyoosha vidole vyote hasaidiwi na orodha uliyompangia wewe.

Hatua ya 1: nukta. MediaPipe hutoa nukta 21 kwa kila mkono. 0 ni kifundo cha mkono, 8 ncha ya kidole cha shahada, 9 shina la kidole cha kati. OpenCV husoma rangi kwa mpangilio wa BGR (buluu, kijani, nyekundu), MediaPipe inataka RGB (nyekundu, kijani, buluu). Geuza kwanza.

Hatua ya 2: kusawazisha. Hapa ndipo wengi huharibu. x huja kama sehemu ya upana wa picha, y kama sehemu ya kimo. Picha ya 640 kwa 480 si mraba, basi zidisha x kwa 640 na y kwa 480, la sivyo mkono uliolala utakuwa na umbo tofauti na uliosimama. Kisha toa nukta 0 kwenye zote, gawanya kwa umbali wa 0 hadi 9. Sasa mkono ukisogea au ukirudi nyuma, namba hazibadiliki sana. z (kina) iache, inatikisika mno. Zinabaki namba 42. Usiondoe mzunguko, maana dole gumba juu na dole gumba chini zitakuwa kitu kimoja.

Hatua ya 3: kurekodi. Sampuli 40 kwa ishara (kila sampuli ni namba 42 za fremu moja), vipindi 4 vya 10. Kati ya vipindi mtumiaji ashushe mkono, asogeze kiti, abadili mwanga. Rekodi pia "hakuna": kujikuna, kushika kikombe, kuandika. Hizi zifike 100 au zaidi.

Hatua ya 4: kutambua. Tumia majirani 5 wa karibu: tafuta sampuli 5 zinazofanana zaidi na mkono wa sasa, ishara yenye nyingi ndiyo jibu. Ishara mpya ni mistari 40 tu kwenye faili, hakuna kufundisha upya. Amri, yaani kazi ya kila ishara, ziandike kwenye JSON (faili la maandishi) ya pembeni, ili "ngumi" ibadilishwe kazi bila kugusa msimbo.

Hatua ya 5: kukataa. Pima umbali wa kila sampuli hadi jirani yake wa ishara hiyohiyo katika kipindi kingine. Kizingiti kiwe umbali ambao asilimia 95 ya sampuli hizo hazizidi. Mkono mpya uliozidi hapo ni "hakuna". Jibu likidumu milisekunde 200, toa amri mara moja tu, kisha ngoja mkono ubadilike.

MASWALI

— Mkuu, kwenye majaribio napata asilimia 99, nikitumia kweli inakosea. Tatizo nini?
— Umechanganya fremu za kipindi kimoja pande zote mbili, za kufundishia na za majaribio. Fremu jirani ni mapacha, kwa hiyo unaipa mtihani wenye majibu. Tenga kipindi kizima kwa majaribio.

— Usiku inapoteza mkono kabisa.
— Gizani kamera huchukua muda mrefu kwa kila fremu, na kidole kinachosogea huwa ukungu. Taa iwe mbele yako, isiwe mgongoni.

— Na kupunga mkono?
— Pozi moja haitoshi. Hifadhi njia inayopitwa na nukta namba 8 (ncha ya kidole cha shahada), igawe upya iwe nukta 64 zenye nafasi sawa, ulinganishe na njia ulizorekodi. Ndivyo ifanyavyo mbinu ya $1 ya kutambua michoro ya ishara, ya Wobbrock, Wilson na Li (2007). Ila yenyewe huzungusha umbo na kulitanua lijaze mraba: kulia na kushoto hufanana, na mstari mnyoofu hukuzwa mtikisiko wake. Kwa kupunga, ruka hatua hizo mbili.