Kukimbia Kili Marathon kuchangisha hela ya wanaouguza nyumbani: anzia hapa

Jamani kabla ya viatu tuongelee watu kwanza. Kila mtaa una mama, au binti aliyeacha kazi, au mjomba aliyestaafu, anamuuguza mtu ndani miaka nenda rudi, mzee aliyepigwa stroku, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, bibi aliyeanza kusahau hadi majina ya wanawe, na hakuna anayemlipa hata mia. Wageni wakija wanauliza mgonjwa anaendeleaje, wanaacha matunda, wanaaga. Anayeuguza hakuna anayemuuliza kama amelala. Na mgonjwa asiyeweza kujigeuza inabidi ageuzwe kila baada ya masaa mawili hivi ili asipate vidonda vya mgongo, usiku pia, sasa piga hesabu mwenyewe huyo anayemgeuza analala muda gani.

Mbio zetu nyingi zinachangia matibabu na zinafanya kazi kubwa, CRDB Marathon imesaidia upasuaji wa moyo wa watoto pale JKCI, ile taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, NBC Dodoma Marathon imebeba mapambano ya saratani ya shingo ya kizazi. Ila anayeuguza nyumbani mara nyingi hayupo kwenye bajeti ya mtu yeyote, ndo maana nasema mbebe wewe.

Nakushauri Kili kwa sababu watu wanaifahamu, ipo tangu 2003, inakimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kuna kilomita 42, 21 na zile 5 za kujifurahisha. Ukimwambia mtu nakimbia Kili huhitaji kumweleza sana. Na tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya dunia Tokyo 2025, hata wasiokimbia wanataka kusikia habari za marathon, tumia hilo. Jisajili mapema na utafute gesti mapema pia, wiki ile Moshi inajaa.

Mazoezi jipe miezi minne, au sita kama hujawahi kukimbia kabisa, na kama una presha au kisukari muone daktari kwanza. Siku nne kwa wiki zinatosha. Siku tatu unakimbia taratibu, yaani spidi ambayo unaweza kupiga stori na mwenzako bila kuhema, alafu Jumamosi au Jumapili unakimbia ndefu, unaanza na 10, unaongeza kidogo kidogo hadi ufike 30 au 32, na kila wiki ya nne unapunguza mwili upumue. Kwa sisi wa Dar miezi hiyo ya mazoezi ni kaskazi, jua linachoma mapema, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri uwe barabarani na maji yako. Jiunge na klabu ya jogging ya mtaani kwenu, utapata watu wa kukimbia nao na haohao ndo wachangiaji wako wa kwanza. Wiki mbili tatu za mwisho punguza kilomita, usijaribu kufidia ulizokosa, na kiatu kipya usikivae siku ya mbio.

Sasa sikiliza kuhusu milima, maana hapa ndo wengi wanakwama. Mbio zinaanzia na kuishia uwanja wa Ushirika. Nusu ya kwanza ni tambarare, unatoka kwa barabara kuu ya kuelekea Dar na kurudi mjini, mwili unakudanganya uko fiti. Halafu ndo unaanza kupandisha kwenda Mweka, kijiji cha juu mlimani, ukiwa tayari na kilomita 20 na kitu miguuni, ni kupanda tu kilomita kama kumi hivi, migomba huku na huku, ndipo ugeuze ushuke hadi uwanjani. Ukitumia nguvu zote tambarare, Mweka utaitembea yote. Kwa hiyo zoea vilima, mara moja kwa wiki, pale Mlimani chuo kikuu panatosha kabisa, panda shuka, na kushuka nako ujifunze kwa hatua fupi maana ndo kunakoumiza mapaja.

Hela. Usianze na "naomba mchango", anza na orodha ya vitu. Pampas za wakubwa za mwezi mmoja, godoro la hewa, wheelchair, na muhimu kuliko vyote, malipo ya mtu wa kuja kumshika mgonjwa siku moja kwa wiki ili mama atoke, aende kanisani, msikitini, saluni, au alale tu. Tafuta bei halisi kwenye maduka ya vifaa tiba, andika. Kupata familia ongea na afisa ustawi wa jamii wa kata na wahudumu wa afya wa mtaani, wanajua nyumba ambazo nyie hamzijui.

Alafu uza kilomita. Una 42, kila moja itafutie mwenyewe, na zile za kupanda Mweka ziuze bei ya juu, watu wanazigombania kweli. Anayetaka kidogo aahidi 1,000 kwa kila kilomita utakayomaliza, hiyo ni 42,000, hailemei sana. Fungua grupu la WhatsApp kama lile la kamati ya harusi, orodha ya ahadi na waliolipa inasasishwa kila Ijumaa, lipa namba iwe ya kikundi, isiwe namba yako binafsi, na mweka hazina asiwe mkimbiaji. Tuma taarifa ya miamala hata kama hakuna aliyeuliza. Kazini andika barua kwa HR, omba waongezee sawa na mtakachokusanya, na fulana zao mtazivaa.

Kitu kimoja nakuomba sana, picha za wagonjwa usiposti. Mtu kalala kitandani hana uwezo wa kukataa, na anayemuuguza atakubali kwa sababu anahitaji hela. Posti magoti yako, posti Mweka, posti risiti.

Mkishamaliza, ndani ya wiki mbili hela iwe imefika. Msipeleke bahasha na kupiga makofi. Kaeni na kila anayeuguza, muulizeni siku gani anataka kupumzika, mtafutieni mtu anayemwamini yeye, siyo mnayemwamini nyie, na mumlete mtaalamu wa fiziotherapia mara moja awaonyeshe wote wawili, anayeuguza na huyo msaidizi, namna ya kumnyanyua mgonjwa bila kuvunja mgongo. Malipo ya huyo msaidizi myatoe kila mwezi kutoka kwa mweka hazina, na kwenye grupu muandike miezi mingapi imebaki, ili watu wajue lini mnahitaji kukimbia tena.