Fearg: kusema hasira kwa Kiayalandi, hatua kwa hatua

Wengi wanaoanza Kiayalandi hutafuta kitenzi cha kukasirika. Acheni kukitafuta. Hasira ni nomino, *fearg*, nayo humkalia mtu.

Hatua ya 1: matamshi. Kati ya *r* na *g* husikika irabu fupi isiyoandikwa, karibu na "farag". Usiidondoshe *g*, maana *fear* ni mwanamume.

Hatua ya 2: sentensi. Anza na *tá* (ipo), kisha *fearg*, kisha kihusishi *ar* (juu ya) kilichoungana na nafsi: *orm* (yangu), *ort* (yako), *air* (yake, mwanamume), *uirthi* (yake, mwanamke), *orainn* (yetu), *oraibh* (yenu), *orthu* (yao). *Tá fearg orm*: nimekasirika. Kaeni na haya maneno saba mpaka yatoke yenyewe mdomoni, kwa sababu njaa (*ocras*), kiu (*tart*), huzuni (*brón*) na aibu (*náire*) zote hupita njia hiyohiyo. Nasi tunasema hasira zimempanda, kwa hiyo mwelekeo si mgeni kwetu.

Hatua ya 3: kitenzi. Hapa ndipo nyakati hubadilika, *fearg* haiguswi.
*Bhí fearg uirthi*: alikuwa amekasirika.
*Tháinig fearg air*: hasira zilimpanda.
*Chuir sé fearg orm*: alinikasirisha.
Unayemkasirikia huja na *le*: *Tá fearg orm leat*, nimekukasirikia.

Hatua ya 4: jinsia. *Fearg* ni nomino ya kike, ndiyo maana tunapata *an fhearg*, na hiyo *fh* haitamkwi kabisa. Hasira kubwa ni *fearg mhór*. Katika umilikishi huwa *feirge*: *racht feirge*, mlipuko wa hasira.

Maswali ya wanafunzi

*Mwalimu, siwezi kusema "Tá mé fearg"?*
Hapana, hiyo haisimami. Ukitaka kuanza na "mimi", tumia kivumishi: *Tá mé feargach*. Ni sahihi, ila nawasihi mzoee kwanza ile ya *orm*.

*Na mapenzi nayo hukaa juu ya mtu?*
Swali zuri. *Grá* hutumia *ag*, kihusishi cha kumiliki: *Tá grá agam duit*, nakupenda.

*Nikiwa nimekasirika sana?*
Bandika *an-* mbele: *Tá an-fhearg orm*.

*Na kumwambia mtu asikasirike?*
*Ná bíodh fearg ort.* Wakiwa wengi, *oraibh*.