Kupamba Sebule kwa Mabakuli ya Kioo, Kuanzia Kwenye Mwanga

Kioo cheupe hakina rangi yake chenyewe, na hapo ndipo ulipo uzuri wake na ugumu wake. Bakuli la udongo au la mti hujionyesha popote litakapowekwa, lakini bakuli la kioo huonyesha kilichomo ndani yake, kilichoko nyuma yake na mwanga unaolipitia. Likikosa vyote vitatu, huonekana kama chombo kilichosahaulika mezani baada ya chakula. Kwa sababu hiyo nashauri tuanze kinyume cha tulivyozoea: kabla ya kwenda dukani, na kabla ya kuwaza maua au mchanga, tafuta kwanza mahali penye mwanga.

Chagua siku moja ya mapumziko uitazame sebule yako mara tatu, saa moja na nusu asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, ukiangalia jua linaingilia wapi na linafika hadi wapi sakafuni. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hukaa karibu na utosi na halipenyi mbali ndani ya chumba. Mwanga unaokipendeza kioo ni ule wa asubuhi na wa jioni, unaoingia kwa ubavu na kuchora kivuli cha bakuli ukutani. Kumbuka pia kwamba mwezi Juni jua la mchana huelemea kaskazini na mwezi Desemba huelemea kusini, hivyo mahali palipong'aa wakati wa kipupwe huenda pakawa gizani wakati wa joto, na bakuli litalazimika kuhama. Madirisha yetu mengi yana nondo na nyavu za mbu ambazo hupunguza mwanga sana, na ndiyo maana bakuli lililowekwa umbali wa mita tatu kutoka dirishani mara nyingi hufifia. Umbali wa mita moja hivi hutosha.

Hapa lipo jambo moja ambalo si la urembo, na naomba lisipuuzwe. Bakuli la duara lililojaa maji hukusanya miale ya jua mahali pamoja kama lenzi, na miale hiyo inaweza kuunguza kitambaa cha meza au pazia, hata kuwasha moto. Bakuli la maji, basi, liwekwe mahali penye mwanga lakini pasipofikiwa na jua lenyewe saa yoyote ya mchana, na yale ya vitu vikavu ndiyo yasogezwe karibu na dirisha.

Ukishajua mahali, utajua ukubwa. Pima meza au rafu kwa futi kamba kabla ya kutoka nyumbani, kwa maana katika maduka ya vyombo ya Kariakoo kila bakuli huonekana dogo kwa sababu limezungukwa na mamia ya wenzake. Fikiria uzito pia: bakuli la duara lenye kipenyo cha sentimita 20 likijazwa pomoni huchukua takriban lita 4 za maji, yaani kilo 4 bila kuhesabu kioo chenyewe, na rafu nyepesi ya ukutani haikutengenezwa kwa mzigo huo. Unaponunua, linyanyue bakuli juu ulitazame dhidi ya mwanga, pitisha kidole taratibu kwenye ukingo kutafuta palipomeguka, kisha ligonge kidogo kwa ukucha. Bakuli zima hutoa mlio mwembamba unaodumu, na lenye ufa hutoa mlio mfupi uliozibika. Viputo vidogo ndani ya kioo si kasoro ya kukataa, kwani huwa vinapendeza jua linapovipitia. Liweke pia juu ya kaunta uone kama kitako kimekaa sawa au kinayumba. Mwombe muuzaji alifunge kila bakuli peke yake kwa gazeti, maana mabakuli yakipachikwa moja ndani ya jingine bila karatasi, mtikisiko wa daladala au bajaji huyachubua kabla hayajafika nyumbani. Na kama kabatini tayari unalo bakuli la matunda la kioo ambalo halitumiki, anza na hilo.

Usafi wa kioo ni nusu ya pambo. Sehemu nyingi za jiji hutumia maji ya visima virefu, na maji hayo yakikauka huacha utando mweupe wa chokaa ambao sabuni peke yake haiuondoi. Paka maji ya ndimu au siki, acha dakika 15, kisha suuza na ufute kwa kipande cha khanga kuukuu, kwa kuwa khanga iliyofuliwa miaka mingi haiachi nyuzi. Utando ukibaki baada ya kurudia mara mbili, huenda kioo chenyewe kimechubuka, na bakuli hilo lifae kazi ya mchanga au nafaka, ambapo mchubuko hautaonekana. Usilitie maji ya moto bakuli lililopoa. Kioo cha kawaida hupasuka upande mmoja unapotanuka haraka kuliko mwingine.

Sasa tuje kwenye kilichomo. Mimi hupenda kuliko vyote bakuli pana la maji lenye maua yanayoelea, kwa sababu watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kupenda harufu ya asumini. Nunua vikonyo vilivyofumba alasiri, vitie kwenye maji yenye kina cha sentimita nne au tano tu, na vitafunguka jioni wageni wanapoanza kuingia. Usijaze bakuli hadi juu: maua yakiwa chini ya ukingo, kioo huyazunguka na kuyakusanya, lakini yakilingana na ukingo huonekana kama yanataka kumwagika. Maua ya msanapichi nayo huelea vizuri na hudumu zaidi ya asumini, ambayo hugeuka rangi ya kahawia kufikia kesho yake. Jani moja la mrehani au mchaichai likiongezwa hutosha. Ukichanganya aina tano, harufu hugombana.

Bakuli hili lina sharti lake. Mbu aina ya Aedes, anayeambukiza homa ya dengi iliyolitikisa jiji hili mwaka 2014 na tena 2019, hupenda kutaga katika maji yaliyotuama ndani ya vyombo vya nyumbani, tena huuma mchana. Mayai yake hunata kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na huweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kila siku ya tatu mwaga maji yote, sugua kuta za ndani kwa sifongo na sabuni, suuza, ndipo ujaze upya. Kutoka yai hadi mbu anayeruka hupita wiki moja hivi, na ratiba ya siku tatu humkatiza njiani. Asiyeweza kuifuata, na wengi wetu tunarudi nyumbani usiku, achague bakuli kavu bila kuona haya.

Bakuli kavu lina utajiri wake. Mchanga ndio rahisi zaidi, lakini usiuzoe ufukweni, kwanza kwa sababu fukwe zetu zinahitaji mchanga wake, na pili kwa sababu chumvi iliyomo hunyonya unyevu wa hewa na kuacha ukoko mweupe kwenye kioo. Ndoo ndogo ya mchanga wa ujenzi, ukichekechwa, ukioshwa hadi maji yatoke meupe na kuanikwa juani, hufanya kazi vizuri zaidi. Kwa bakuli la sentimita 20, lita moja tu ya mchanga hufika theluthi ya kimo, na theluthi hiyo ndiyo kipimo ninachopenda: juu yake huachwa nafasi tupu inayopitisha mwanga. Kuhusu makombe na matumbawe, visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni sehemu ya hifadhi za bahari tangu 1975, na vilivyomo humo vibaki humo. Tumia mawe ya mtoni yaliyolainika, au vifuu vya nazi vilivyosuguliwa vizuri.

Nafaka na kunde hutoa rangi ambazo hakuna duka la mapambo linalozishinda: choroko za kijani, maharage mekundu, kunde nyeupe na mtama, zikipangwa tabaka juu ya tabaka za unene usiolingana. Ili fukusi wasiingie, weka nafaka kwenye friza siku nne kwanza, kisha ziache zirudi kwenye joto la chumba zikiwa bado zimefungwa, zisije zikapata unyevu. Karafuu na vijiti vya mdalasini katika bakuli dogo karibu na mlango hunukia kila mtu anapopita, na ukivitikisa kila wiki harufu hurudi. Rundo la ndimu mbichi nalo ni pambo kamili, mradi uzigeuze kila siku na kuzitumia kabla ya zile za chini kuoza.

Usiku kioo hutaka moto mdogo. Bakuli langu la kwanza lilipasuka kwa sababu niliweka mshumaa moja kwa moja juu ya kitako chake. Tangu siku hiyo hutandika sentimita tatu za mchanga kwanza. Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni taa ya utambi unaoelea. Jaza bakuli pana maji hadi nusu, mimina juu yake mafuta ya nazi unene wa sentimita moja, kisha weka juu ya mafuta utambi wa pamba uliopenyezwa katikati ya kipande cha kizibo kilichofunikwa kwa karatasi ya alumini. Mafuta ni mepesi kuliko maji, hivyo hubaki juu, na yakiisha utambi hugusa maji na kuzimika wenyewe. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo katika usiku wa baridi wa Julai ya alizeti yanafaa zaidi. Taa ikiwaka isisogezwe, wala isiachwe chumbani na watoto peke yao.

Katika kupanga, mabakuli matatu ya vimo tofauti yakikaribiana hupendeza kuliko sita yaliyosambazwa, na yapate nafasi ya kupumua. Kule Kunduchi yapo makaburi ya kale yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China vilivyopachikwa kwenye chokaa, na nyumba za kale za pwani zilikuwa na zidaka ukutani za kuwekea vyombo kama hivyo. Jicho la watu wetu limezoea tangu zamani chombo kilichopewa mahali pake maalumu. Chini ya bakuli weka kitanga cha ukili, hasa kama meza ni ya kioo, ili visikwaruzane. Epuka petali kavu na manyoya chini ya pangaboi.

Bakuli likivunjika, funga vipande katika magazeti mengi, vitie ndani ya kopo au boksi gumu, na uandike juu yake kwa herufi kubwa neno KIOO, kwa sababu wazoa taka wa mitaa yetu wengi hubeba mifuko kwa mikono mitupu.